Ken Uston: Jamaa aliyehesabu karata hadi kasino zikamfungia milango

Chukua pakiti ya karata, ile ile mnayochezea kibarazani Jumapili mchana. Hakikisha ziko 52. Zichanganye, kisha zifunue moja moja. Ukiona karata ndogo, kuanzia 2 hadi 6, ongeza moja kichwani. Ukiona 7, 8 au 9, usiongeze wala usipunguze. Ukiona 10, J, Q, K au A, toa moja. Ukifika karata ya mwisho, hesabu yako inafaa kuwa sufuri. Ikiwa si sufuri, ujue umeteleza mahali. Rudi mwanzo.

Rahisi, sivyo? Haya, sasa imalize pakiti nzima kwa sekunde zisizozidi 30. Halafu fanya hivyo muziki ukivuma, mtu akikuuliza umetoka mji gani, mwingine akikuletea kinywaji, na mezani kukiwa na pesa zako za kodi ya nyumba za mwaka mzima. Na uso wako usionyeshe kabisa kwamba unafikiria kitu.

Miaka ya 1970 kulikuwa na jamaa mmoja Marekani aliyeyafanya hayo yote kwa ustadi mkubwa. Hakuiba hata karata moja. Hakuweka alama karata, wala hakumhonga mgawaji. Alitumia kichwa chake. Na kwa kosa hilo la kutumia kichwa, kasino moja baada ya nyingine zilimwambia asikanyage tena. Jina lake lilikuwa Ken Uston.

Kama una simu ambayo kila wikendi inakula salio lako kwa mikeka na vindege, maisha ya huyu bwana yana jambo la kukuambia. Ila huenda si lile unalolitarajia.

Mtoto wa Usui

Alizaliwa New York mnamo Januari 12, 1935, akapewa jina Kenneth Senzo Usui. Babake, Senzo Usui, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Marekani kutoka Japani. Mamake, Elsie, alikuwa mzaliwa wa Austria. Ken ndiye aliyekuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Jina Uston alilijia baadaye.

Kichwa chake kilikuwa moto. Fikiria wewe ukiwa na umri wa miaka 16 ulikuwa wapi. Wengi wetu tulikuwa bado na sare ya shule ya upili, tukihesabu wiki za kufunga shule. Yeye katika umri huo alikuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Yale, mojawapo ya vyuo vyenye ushindani mkali zaidi Marekani. Kutoka hapo akaenda Harvard, akachukua shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara.

Baada ya masomo, kazi zilimfuata. Alikuwa meneja katika kampuni ya simu, akawa mshauri wa biashara, akafanya kazi ya mipango katika kampuni ya saruji, na mwishowe akapanda hadi kuwa makamu wa rais mwandamizi katika Soko la Hisa la Pacific, mjini San Francisco. Hiyo ndiyo ile kazi ambayo mzazi wako angeitaja kila harambee, hata ikiwa harambee yenyewe ni ya paa la kanisa. Suti, ofisi, mshahara mnono, kadi ya biashara yenye herufi za dhahabu.

Lakini San Francisco haiko mbali sana na jimbo la Nevada, na Nevada ndiko kwenye kasino. Jioni ya Ijumaa ikifika, bwana mkubwa wa soko la hisa alikuwa anavua tai na kwenda kucheza karata.

Karata zina kumbukumbu

Hapa lazima tusimame kidogo, maana bila kuuelewa mchezo wenyewe hutaelewa kwa nini kasino zilimwogopa huyu mtu.

Blackjack ni mchezo wa kutafuta 21. Wewe unapewa karata mbili, mgawaji wa kasino naye anajipa mbili, moja ikiwa wazi na moja imefunikwa. J, Q na K zinahesabiwa kuwa 10. A inaweza kuwa 1 au 11, upendavyo. Unaweza kuomba karata nyingine au kubaki na ulizo nazo. Ukipita 21 umeliwa papo hapo, hata kabla mgawaji hajafunua chake. Na hapo ndipo kasino inapopata faida: wewe hucheza kwanza, kwa hivyo wewe ndiwe wa kwanza kuanguka.

Sasa, mgawaji hana uhuru ulio nao. Sheria ya meza inamlazimisha aendelee kujiongezea karata hadi afikishe 17. Akiwa na 16, apende asipende, lazima achukue nyingine. Wewe unaweza kusimama kwenye 13 ukamtazama akijichimbia kaburi.

Jambo la pili ni kwamba ukipata A pamoja na karata ya 10 kwenye zile mbili za kwanza, hiyo ndiyo blackjack yenyewe, na kwa kanuni ya kawaida ya zamani unalipwa mara moja na nusu ya dau. Ukiweka 100 unapata 150 juu yake.

Unganisha hayo mawili. Ikiwa pakiti iliyobaki imejaa karata kubwa, wewe una nafasi nzuri zaidi ya kupata blackjack, na mgawaji ana nafasi kubwa zaidi ya kupita 21 anapolazimika kuchukua karata. Ikiwa iliyobaki imejaa karata ndogo, mgawaji anajiongeza taratibu bila kuanguka, na wewe ndiwe unayeumia.

Kumbe basi karata zilizokwisha kutoka zinakueleza kuhusu zile ambazo hazijatoka! Karata iliyochezwa haitarudi hadi zichanganywe tena. Mwaka 1962, mwanahisabati Edward Thorp alichapisha kitabu kiitwacho Beat the Dealer kilichothibitisha kwa hesabu na kompyuta kwamba mchezaji anayefuatilia karata zilizotoka anaweza kuipiku kasino. Uston alikisoma kitabu hicho, na ugonjwa ukamwingia.

Kuhesabu wanakofundishwa wanaoanza ni kule tulikofungua nako. Kwenye pakiti moja kuna karata ndogo 20, kubwa 20, na za kati 12. Ndiyo maana mwisho hesabu hurudi sufuri. Katikati ya pakiti, hesabu ikiwa imepanda hadi +6, maana yake karata ndogo nyingi zimeshatoka na kubwa bado zimo. Hapo ndipo unaongeza dau. Hesabu ikishuka chini ya sufuri, unaweka dau la chini kabisa na kungoja.

Na kama kasino inatumia pakiti sita kwa pamoja, unagawa hesabu yako kwa idadi ya pakiti unazokisia kuwa zimebaki. +6 pakiti tatu zikiwa zimebaki ni sawa na +2 tu. Kugawa huku unakufanya kichwani, huku unakisia kwa jicho unene wa karata zilizokwisha tumika.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sinema huwa zinairuka. Ukijua kila uamuzi sahihi wa kusimama au kuongeza, kasino bado inakushinda kwa takriban nusu asilimia kwenye meza yenye kanuni nzuri. Ukiongeza kuhesabu, tena bila kukosea, unageuza mambo na kuwa na faida ya karibu asilimia moja. Moja! Yaani ukiweka shilingi 100 mara mia moja, umezungusha shilingi 10,000, na unachoweza kutarajia kwa wastani ni shilingi 100. Na huo ni wastani wa muda mrefu. Usiku wa leo unaweza kucheza vizuri kabisa na bado ukatoka mikono mitupu. Kesho pia. Wiki nzima pia.

Kwa hivyo anayeanza kujifunza hukumbana na mambo matatu. Kwanza ni mazoezi ya miezi. Pili ni mtaji mkubwa wa kuvumilia siku mbaya. Tatu, na hili ndilo lililomwangusha Uston, ni wenye nyumba wenyewe. Ukikaa mezani saa nzima ukiweka dau dogo, halafu ghafla unaweka kubwa mara ishirini, macho ya juu ya dari yanakuona. Mchezaji wa kawaida hachezi hivyo.

Mlevi anayemla mgema

Jibu la tatizo hilo la tatu alikuwa nalo mtu mwingine. Huko San Francisco, Uston alikutana na mchezaji mzoefu aliyejulikana kwa jina Al Francesco. Francesco alikuwa amebuni mbinu ya kucheza kwa timu, na ni mbinu tamu kuisimulia.

Wachezaji kadhaa wanatawanyika kwenye meza tofauti. Kila mmoja anahesabu karata huku akiweka dau la chini lisilobadilika. Hakuna wa kuwashuku, maana dau lao halipandi wala halishuki. Meza ya mmoja wao ikipata hesabu nzuri, anatoa ishara ndogo ambayo mtu wa kawaida hawezi kuiona. Ndipo anapotokea mtu mwingine kabisa, amevaa vizuri, anaongea kwa sauti, anaonekana kama tajiri aliyelewa pesa na pombe. Anarusha dau kubwa mara moja. Meza ikipoa, anaondoka kwa mbwembwe kwenda kwingine, ambako kwa bahati ya ajabu, karata nako zimenoga.

Tajiri huyo waliita Mchezaji Mkubwa. Waswahili husema cha mlevi huliwa na mgema. Hapa mambo yaligeuzwa. Kasino ilidhani imempata mlevi wa kumla, kumbe mlevi ndiye aliyekuwa anamla mgema.

Uston alianza kama mmoja wa wahesabuji wa kawaida. Aliketi, akahesabu, akatoa ishara. Lakini alikuwa na kitu cha ziada. Alipenda jukwaa. Alipenda kuonekana, kuzungumza, kucheka na watu. Punde akapandishwa kuwa Mchezaji Mkubwa, na nafasi hiyo ilimkaa kama nguo iliyoshonwa na fundi wake. Kazi ya soko la hisa ikaanza kuonekana kama chai isiyo na sukari. Mwishowe aliiacha, akawa mcheza karata wa kudumu.

Labda unasema moyoni kwamba hata wewe ungeiacha. Tulia kwanza, hadithi haijaisha.

Siri ikawa kitabu

Mbinu ya Francesco ilikuwa na nguzo moja tu: siri. Siku ambayo kasino zingejua, ingekufa. Mwaka 1977, Uston, akishirikiana na mwandishi Roger Rapoport, alitoa kitabu. Kikaitwa The Big Player. Ndani yake alianika timu, ishara, na namna kasino zilivyochezewa shere.

Jina la Uston likavuma. Lakini weka kando sifa na ufikirie wale wenzake. Watu walioketi usiku kucha wakihesabu karata kwa dau dogo, ili yeye ang'ae na dau kubwa, waliona mlango wao wa riziki ukifungwa. Francesco aliyemfundisha na kumpa nafasi alihisi amesalitiwa, na hakuficha uchungu wake.

Hili si jambo la kasino pekee. Unalijua vizuri. Kuna ile kazi mnayoifanya kimya kimya wanne au watano, mmoja anakuwa ndiye anayeonekana, na siku moja yule anayeonekana anaanza kuamini kwamba ndiye kazi yenyewe. Uston alikuwa na akili ya kuhesabu pakiti nzima ya karata, lakini hesabu hii ya watu aliikosea.

Kasino za Las Vegas nazo zikawa zinamjua kwa sura. Kisheria, Nevada ilizichukulia kasino kama mali ya mtu binafsi, na mwenye nyumba angeweza kumwambia mgeni atoke. Uston alijaribu mahakama, hakufua dafu.

Basi akageukia maigizo. Alivaa ndevu za bandia, akabadilisha nywele, akaingia akiwa amevaa kama kibarua au mtu mwingine yeyote ambaye hakuna angemtarajia. Wakati mmoja alishirikiana na fundi wa elektroniki, Keith Taft, aliyekuwa ametengeneza kompyuta ndogo ya kufichwa mwilini. Mchezaji alikuwa anaiendesha kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Kumbuka hii ni miaka ya 1970, kompyuta bado ni kitu cha ajabu kwa watu wengi, na hawa tayari wanaibonyeza kwa kidole gumba cha mguu chini ya meza! Mwaka 1985, Nevada ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vifaa vya namna hiyo.

Kuhesabu kwa kichwa, hata hivyo, hakujawahi kuwa wizi kisheria nchini Marekani. Ndilo lililomkera Uston. Kama si wizi, ananyimwa nafasi kwa kosa gani?

Kesi ya Atlantic City

Upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Atlantiki, jimbo la New Jersey lilikuwa limeruhusu kasino katika mji wa Atlantic City. Ya kwanza, Resorts International, ilifunguliwa Mei 1978. Uston na timu mpya wakafika na mifuko yao.

Ilikuwa kama kumpa fisi ulinzi wa bucha. Timu ya Uston ilivuna sana. Mwisho wa Januari 1979, Resorts ilimfungia mlango.

Wengi wangehamia mji mwingine. Yeye alikwenda mahakamani, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya New Jersey. Uamuzi ulitolewa Mei 1982, na Uston akashinda. Majaji walisema kwamba mahali palipofunguliwa kwa umma hapawezi kumfukuza mtu bila sababu ya maana, na kwamba kanuni za michezo ya kasino jimboni zinawekwa na tume iliyopewa kazi hiyo kisheria. Kwa kuwa tume haikuwa na kanuni ya kuwafukuza wahesabu karata, kasino haikuwa na mamlaka ya kujitungia yake.

Huu ulikuwa ushindi mkubwa. Hadi leo, kesi hiyo ndiyo sababu kasino za Atlantic City haziwezi kumtoa mtu kwa sababu tu anahesabu karata kichwani. Mtu mmoja, mtoto wa mhamiaji, aliishinda kasino mbele ya majaji.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha hadithi yote. Kasino hazikukata rufaa kwa Mungu wala hazikulia. Zilibadilisha mchezo. Zikaongeza pakiti mezani, hadi nane kwa pamoja, ili hesabu iwe na nguvu kidogo. Zikawa zinaweza kuchanganya karata mapema, mara tu mambo yanapoanza kumnogea mchezaji anayeshukiwa. Zikapunguza dau analoruhusiwa. Mlango uliachwa wazi, naam, lakini ndani ya nyumba asali ilikuwa imehamishwa.

Uston alishinda haki ya kukaa mezani. Hakuna mahakama ingeweza kumpa haki ya kula.

Kutoka karata hadi Pac-Man

Jamaa huyu hakuwa mtu wa kukaa bure. Mwaka 1981 alitoa Million Dollar Blackjack, kitabu ambacho wanaojifunza kuhesabu wamekitumia kwa miaka mingi. Wakati huo, vijana wa Marekani walikuwa wamepagawa na michezo ya mashine, hasa Pac-Man, kile kimdomo cha njano kinachokula vidonge huku kikifukuzwa na mazimwi. Uston akaketi mbele ya mashine akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote. Alitazama kwa makini hadi akaona mazimwi yale hufuata mpangilio. Akaandika Mastering Pac-Man, na kikauzwa sana. Baadaye jina lake likawekwa kwenye programu za kompyuta za kujifunza blackjack.

Ona jinsi akili yake ilivyokuwa inafanya kazi. Popote palipokuwa na mpangilio, yeye aliuona. Swali lake la kwanza mbele ya mchezo wowote halikuwa iwapo ana bahati leo. Lilikuwa iwapo mchezo huu una kitu cha kuhesabika.

Septemba 19, 1987, Ken Uston alikutwa amekufa katika nyumba aliyokuwa amekodi mjini Paris, Ufaransa. Chanzo kilitajwa kuwa moyo kushindwa kufanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka 52 pekee, sawa na idadi ya karata kwenye pakiti. Alifia mbali na New York alikozaliwa, mbali na ile ofisi ya soko la hisa, na mbali na meza zilizomfanya ajulikane.

Wewe na simu yako

Sasa turudi kwako. Najua kuna watakaosoma maisha haya na kukimbilia kutafuta pakiti ya karata, na wengine kukimbilia simu. Kabla hujafanya hivyo, jiulize swali la Uston. Mchezo ulio mbele yako una kitu cha kuhesabika?

Blackjack ya wakati ule ilikuwa nacho, kwa sababu karata iliyotoka haikurudi hadi pakiti ichanganywe. Lakini kile kindege kinachopaa kwenye skrini yako hakikumbuki kilianguka wapi dakika mbili zilizopita. Kila raundi huanza upya. Gurudumu la kasino nalo halikumbuki. Hata blackjack ya mtandaoni inayochezeshwa na programu, mara nyingi karata zake huchanganywa upya kila mkono, kwa hivyo hesabu yako hufa kabla haijazaliwa. Yule anayekuuzia utabiri kwenye makundi ya simu, ati amegundua mpangilio wa kindege, hana anachokuuzia. Angekuwa nacho, asingehitaji mia mbili zako.

Na pale ambapo kitu cha kuhesabika kipo kweli, umeona bei yake. Kijana wa Yale na Harvard, mwenye timu, mtaji na nidhamu ya kutisha, alikuwa anapigania asilimia moja. Alipoipata, akafukuzwa. Aliposhinda kesi, wakabadilisha kanuni. Sehemu ya kile alichokipata njiani aliilipia kwa urafiki wa mtu aliyemfundisha.

Kampuni ya kamari humkaribisha mtu kwa tabasamu, humpa bonasi, humtumia ujumbe asubuhi kumkumbusha kwamba imemkosa. Uston hakuwahi kukosewa na kasino hata siku moja; zilitamani asirudi. Kwa hivyo simu yako ikilia leo jioni na ujumbe wa kukukaribisha, usijipongeze. Tafakari kidogo kwa nini wewe unaitwa, na yeye alifungiwa mlango.

Pakiti yako ya karata bado iko mezani. Ichanganye, uhesabu hadi sufuri, ujipime kwa saa. Ni zoezi zuri la akili, na halitozi hata shilingi.